Chanzo Hakijulikani, au Hakikutafutwa?

Kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa wa kiharusi kuna maneno mawili ambayo watu huyapita haraka: "chanzo hakijulikani". Ndugu wa mgonjwa wakiyasoma hudhani madaktari walitafuta kila mahali wakakosa. Mara nyingi sivyo. Yupo aliyepimwa kila kinachopimika kisionekane kitu. Yupo aliyekutwa na magonjwa mawili, na kila moja lingetosha kumletea kiharusi. Na yupo ambaye moyo wake haukuguswa kwa kipimo chochote. Wote watatu wanaandikiwa maneno yaleyale, na lawama hapa si ya daktari aliyeshika kalamu. Ni ya mfumo wa uainishaji aliofundishwa, ambao umetawala wodi na tafiti za kiharusi tangu mwaka 1993.

Nazungumzia kiharusi cha mshipa kuziba, nikikiacha kando kile cha damu kuvuja ndani ya ubongo. Cha kuziba ndicho kingi zaidi duniani, na ndicho chenye njia nyingi za kutokea. Donge la damu linaweza kung'oka moyoni likapanda kichwani. Mshipa mkubwa wa shingoni unaweza kuwa umejaa mafuta hadi ukabaki na njia nyembamba. Vimishipa vidogo vilivyozama ndani ya ubongo vinaweza kuwa vimekakamaa kwa miaka mingi ya presha isiyotibiwa. Au ni jambo jingine kabisa: seli mundu, ukuta wa mshipa kuchanika, maambukizi.

Kujua ni lipi kati ya hayo kunabadilisha matibabu yenyewe. Mtu mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yatokanayo na vyumba vya juu vya moyo, warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, humpunguzia hatari ya kiharusi kwa karibu theluthi mbili. Mwenye mshipa wa shingoni uliosinyaa sana anaweza kuokolewa na upasuaji: jaribio la NASCET la mwaka 1991, kwa wenye mshipa uliosinyaa kwa asilimia 70 hadi 99, lilionyesha kwamba viharusi vya upande wa mshipa huo ndani ya miaka miwili vilishuka kutoka asilimia 26 hadi 9. Lakini mwenye ugonjwa wa vimishipa vidogo, ukimwongezea klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia donge la damu, juu ya aspirini kwa muda mrefu, humkingi na kiharusi kingine kwa kiasi cha maana, na unamzidishia kutokwa damu. Jaribio la SPS3 lilithibitisha hivyo mwaka 2012 kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, na vifo viliongezeka kwa waliopewa dawa zote mbili. Tiba ya mmoja ni madhara kwa mwingine.

Sasa tuutazame mfumo wenyewe. Unaitwa TOAST, na jina hilo limetokana na jaribio la dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Harold Adams wa Iowa na wenzake nchini Marekani walikuwa wakiipima dawa iliyoitwa Org 10172, danaparoidi, kwa watu waliopata kiharusi muda mfupi uliopita. Walihitaji njia ya kuwagawa wagonjwa kwa vyanzo ili waone kama dawa inawasaidia wa aina moja kuliko wa aina nyingine, kwa hiyo wakatengeneza mafungu matano. La kwanza ni mishipa mikubwa iliyojaa mafuta, kigezo kikiwa kusinyaa kwa zaidi ya asilimia 50. La pili ni donge kutoka moyoni, la tatu vimishipa vidogo, la nne chanzo kingine kilichothibitishwa, na la tano chanzo kisichojulikana. Majibu ya jaribio yalitoka mwaka 1998: dawa haikuonyesha faida ya maana baada ya miezi mitatu. Dawa ikasahaulika, mafungu yakabaki.

Inafaa kulikumbuka hilo kila mtu anapoutaja TOAST kana kwamba ni ramani ya asili ya ugonjwa. Ulikuwa chombo cha kazi moja, na kwa kazi ile ulifaa. Mtafiti wa dawa anataka kila mgonjwa aingie fungu moja tu, na asiyeingia vizuri awekwe pembeni asije akavuruga hesabu. Fungu la tano lilijengwa kwa nia hiyo ya kuweka pembeni. Ndani yake waliingizwa watu wa namna tatu: wenye vyanzo viwili au zaidi, waliochunguzwa kikamilifu bila kuonekana kitu, na ambao uchunguzi wao haukukamilika.

Tumtazame mgonjwa mmoja kwa karibu. Nimemtunga kwa ajili ya hoja, ila kila daktari wa wodi ya ndani atamtambua. Ni mzee wa miaka 67, mwenye presha ya miaka mingi, ameamka mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki. CT skani inaonyesha eneo jipya lililokosa damu upande wa kushoto wa ubongo, na kishimo kidogo cha zamani ambacho hakuwahi kukihisi. ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, inaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Ultrasaundi ya shingo inaonyesha mshipa wa kushoto umesinyaa kwa asilimia 60. Huyu ni mtu ambaye tunajua mengi kumhusu, tena mengi yanayotibika: moyo unataka dawa ya kuzuia damu kuganda, shingo inataka kujadiliwa na daktari wa upasuaji wa mishipa, presha inataka kushushwa. TOAST unamwita "chanzo hakijulikani", kwa sababu amekutwa na vyanzo viwili.

Mchukue mzee huyohuyo umlaze katika hospitali ambako CT skani ilipatikana lakini karatasi za ECG ziliisha, na ultrasaundi ya shingo haifanyiki. Hatujui lolote kuhusu moyo wake wala shingo yake. TOAST unamwita vilevile. Watafiti makini huandika ni kipengele kipi cha fungu la tano kinachohusika, lakini kwenye majedwali mengi na kwenye fomu nyingi kipengele hicho hupotea, kikabaki kichwa cha fungu peke yake.

Kuna kasoro nyingine ya TOAST ambayo wengi huipita, nami naiona nzito. Fungu la vimishipa vidogo linaweza kutiwa nguvu na historia ya presha au kisukari: ukiwa nayo, daktari anaelekea kukuweka huko. Halafu mtafiti anakuja, anahesabu, anatangaza kwamba wenye kiharusi cha vimishipa vidogo wana presha zaidi kuliko wengine. Lazima wawe nayo, kwa kuwa ndiyo iliyowapa nafasi ndani ya fungu! Hoja inazunguka na kurudi ilipoanzia. C. Miller Fisher, aliyevielezea viharusi hivi vidogo vya ndani katika miaka ya 1960, alikuwa akivikata na kuvitazama katika ubongo wa marehemu. Sisi tunavikisia kwa kusoma cheti cha presha.

Mwaka 2005 Hakan Ay na wenzake wa Boston walijaribu kuutengeneza TOAST bila kuuvunja, na miaka miwili baadaye wakauweka kwenye kompyuta kwa jina la CCS. Daktari anajaza majibu ya vipimo, programu inatoa chanzo pamoja na kiwango cha uhakika: dhahiri, kinaelekea, au kinawezekana. Kwa yule mzee wetu mwenye vyanzo viwili, CCS hauachii hapo. Unauliza maswali zaidi. Je, picha inaonyesha maeneo mapya yaliyokosa damu pande zote mbili za ubongo? Basi moyo unaelekea kuwa ndio uliotupa madonge, maana mshipa wa shingo ya kushoto hauwezi kwa kawaida kulisha upande wa kulia. Je, ndani ya mwezi uliopita alipata vipindi vifupi vya kulegea mkono uleule? Basi mshipa ule wa shingo unaelekea kuwa mkosaji. Hivi ndivyo daktari bingwa anavyofikiri akiwa kitandani kwa mgonjwa, na faida ya CCS ni kwamba imeyaandika mawazo hayo ili watu wawili wafikie jibu moja. Ndiyo maana mradi mkubwa wa jenetiki za kiharusi, SiGN, ulioutazama urithi wa wagonjwa zaidi ya 16,000, uliuchagua. Watafiti wake walipolinganisha CCS na TOAST kwa wagonjwa walewale, makubaliano yalikuwa ya kadiri tu. Yaani mtu mmoja, mwenye faili moja, anaweza kubadilishiwa chanzo cha ugonjwa kwa kubadilishiwa mfumo.

Lakini CCS una sharti lake. Unakula vipimo vingi. Ukiulisha faili lenye nusu ya majibu, unakurudishia jibu la wasiwasi, na hapo tumerudi tulipotoka.

Mfumo ninaoutetea ni ule uliotoka Ulaya kwa mikono ya Pierre Amarenco wa Paris na wenzake. Ulianza mwaka 2009 kwa jina la ASCO, na mwaka 2013 ukaongezewa herufi ukawa ASCOD. Herufi hizo tano ni magonjwa matano: A kwa mafuta kwenye mishipa mikubwa, S kwa vimishipa vidogo, C kwa moyo, O kwa mengineyo, D kwa kuchanika kwa ukuta wa mshipa. Kila mgonjwa anapewa herufi zote tano, na kila herufi inapewa namba. Namba 1 maana yake ugonjwa upo na unaweza kuwa ndio chanzo. 2: upo, ila uhusiano wake na kiharusi hiki hauna uhakika. 3: upo, lakini haielekei kuwa ndio uliofanya kazi hii. 0: umetafutwa, haupo. Na 9: haukutafutwa vya kutosha.

Mzee wetu mwenye vipimo vyote sasa anaandikwa A1-S3-C1-O0-D0, tukichukulia damu na mishipa mingine vimekaguliwa vikawa salama. Mstari mmoja, na anayeupokea anaona shingo, anaona moyo, anaona hata kile kishimo cha zamani kinachosema presha yake imekuwa ikila ubongo polepole. Pacha wake aliyelazwa pasipo na vifaa anaandikwa A9-S3-C9-O9-D9. Hakuna atakayewachanganya watu hawa wawili tena.

Namba 9 ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika makala hii. Katika mifumo mingine, kutopima kunageuka kuwa kutojua, na kutojua kunageuka kuwa fumbo la tiba ambalo halina mwenye kuwajibika. ASCOD unakataa mgeuko huo. Unamlazimisha daktari kutenganisha "nimetazama, hakuna" na "sijatazama", na tofauti hiyo ni ya uaminifu kabla haijawa ya sayansi.

Wapo wanaosema namba tano kwa kila mgonjwa ni mzigo, na mwisho wa siku hazikupi jibu moja. Ni kweli hazikupi. Mtu mwenye A1 na C1 anabaki na vyote viwili, na mtafiti anayetaka fungu moja itabidi aamue mwenyewe namna ya kumhesabu. Sioni hilo kama udhaifu. Mwili wa mzee wa miaka 67 haukuahidi kuugua ugonjwa mmoja kwa wakati. Isitoshe, kutoka ASCOD unaweza kuteremka hadi TOAST wakati wowote kwa kutazama namba 1 ziko wapi, na ukalinganisha takwimu zako na za miaka thelathini iliyopita. Kutoka TOAST huwezi kupanda kwenda ASCOD, kwa kuwa kilichotupwa hakiokotwi.

Hatari ya kuwafunga pamoja wasiojulikana imeshaonekana kwa gharama kubwa. Mwaka 2014 kundi la wataalamu lilipendekeza jina jipya, ESUS, kwa viharusi vinavyofanana na vya donge lililosafiri lakini ambavyo donge lake halijulikani lilikotoka. Walifanya jambo moja la heshima: walidai vipimo vya chini kabisa vifanyike kabla mtu hajaitwa hivyo. Kisha wazo likawa kwamba kundi zima litafaidika na dawa mpya za kuzuia damu kuganda. Jaribio la NAVIGATE ESUS, kwa wagonjwa 7,213, ililinganisha rivaroxabani na aspirini; ikasimamishwa, faida haikuonekana na kutokwa damu kuliongezeka. RE-SPECT ESUS, kwa wagonjwa 5,390, ilijaribu dabigatrani, haikuishinda aspirini. Tafsiri ninayoikubali ni kwamba ndani ya kundi lile walikuwamo watu wa magonjwa tofauti, na dawa moja haikuweza kuwafaa wote. Mwaka uleule wa 2014 jaribio la CRYSTAL AF lilionyesha sehemu ya jibu: waliopandikizwa kifaa cha kusoma mapigo chini ya ngozi, mapigo yasiyo na mpangilio yaligunduliwa kwa asilimia 12.4 katika mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 2 kwa waliofuatiliwa kwa njia za kawaida. Waliotafutwa zaidi walipatikana zaidi.

Wachina walichukua njia nyingine, na naiheshimu kwa sababu ilitoka kwenye tatizo lao wenyewe. Kwao mishipa mikubwa iliyo ndani ya fuvu husinyaa kwa mafuta mara nyingi kuliko inavyoonekana kwa wazungu. Mfumo wao wa CISS wa mwaka 2011 ukatambua kwamba kiharusi kidogo cha ndani kinaweza kutokana na utando wa mafuta kwenye mshipa mzazi unaoziba mlango wa kimshipa kidogo. TOAST ungekiita cha vimishipa vidogo, CISS unakihamishia kwenye mishipa mikubwa. Mfumo wa Oxfordshire, Uingereza, wa mwaka 1991, wa John Bamford na wenzake, nautaja kwa ufupi tu kwa sababu hautafuti chanzo. Unaangalia dalili na kusema ni eneo gani la ubongo limeumia, na kwa kutabiri ni mzuri: katika takwimu zao, wenye kiharusi kikubwa cha mbele walifariki kwa asilimia 60 ndani ya mwaka, wenye kile kidogo cha ndani asilimia 11. Anayeuandika mahali pa chanzo amejibu swali jingine.

Huku kwetu swali la chanzo lina uzito wake. Utafiti wa Tanzania uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Hizo ni namba za kutisha kwa jiji. Na vyanzo vyetu havifanani kabisa na vya Iowa. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba presha ilihusika na asilimia 46 ya viharusi na VVU asilimia 15. Watoto wenye seli mundu wanaweza kupata kiharusi kabla ya kumaliza shule ya msingi, na tangu jaribio la STOP la 1998 inajulikana kwamba waliotambuliwa mapema kwa kipimo cha ultrasaundi ya kichwani wanaweza kukingwa kwa kuongezewa damu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wamekifanyia kazi kipimo hicho pamoja na dawa ya haidroksiyurea.

Ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu unawapiga vijana. Fikiria mama wa miaka 34 mwenye vali iliyobana na mapigo yasiyo na mpangilio. Amepata kiharusi. Asipopimwa ECG wala kupigwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ataandikiwa chanzo hakijulikani na kupewa aspirini kwa sababu ndiyo iliyopo famasi. ECG ikifanyika bila eko, huenda akapewa mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa hazihitaji kupima damu mara kwa mara. Kumbe jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa ugonjwa huohuo kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, lilionyesha kwamba warfarini na jamaa zake ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroxabani. Hatua tatu, dawa tatu tofauti, na kilichozitenganisha ni kipimo kilichofanyika au kisichofanyika. Kwa TOAST, mama huyu bila ECG wala eko ni mwanachama wa fungu la tano. Kwa ASCOD ni C9, na C9 kwa mtu wa miaka 34 inapaswa kumnyima usingizi yeyote anayeisoma.

Utafiti mmoja wa wazee wa miaka 70 na zaidi huko Hai ulikuta mapigo yasiyo na mpangilio kwa chini ya asilimia 1. Huenda ni kweli kwamba kwetu ni machache. Lakini ECG ya sekunde chache haiwezi kuyakamata mapigo yanayokuja na kuondoka, na kabla hatujasema moyo si tatizo letu kubwa, ni haki kuuliza umesikilizwa kwa muda gani.

Ninachotaka kinawezekana bila kununua mashine hata moja. Fomu ya kumruhusu mgonjwa wa kiharusi iwe na visanduku vitano vya herufi, na namba 9 iandikwe bila aibu panapostahili. Mwisho wa mwaka hospitali ikihesabu C9 zake, inakuwa na hoja ya bajeti ya eko na ya mtu wa kuiendesha, hoja yenye idadi ya watu ndani yake. "Chanzo hakijulikani" mia tatu hazimshawishi mtu wa fedha, kwa kuwa zinasikika kama mapenzi ya Mungu. Na mgonjwa anaporudi kliniki baada ya wiki mbili, muuguzi akikuta C9 kwenye fomu anajua cha kuanza nacho kabla daktari hajaingia: ECG leo, na jina liingie kwenye orodha ya eko.